Kompyuta ya Nyumbani Imekuwa Nzito: Kuisafisha, Kuiongezea RAM, Kuibadilishia Diski au Kununua Nyingine?

Mwenye kompyuta iliyochoka hakosi washauri. Mmoja atamwambia afute faili zisizo na kazi, mwingine aongeze RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa), wa tatu atashikilia kwamba diski ibadilishwe, na wa nne, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kuuza, atasema kwamba mashine hiyo imemaliza siku zake na dawa ni kununua nyingine. Hakuna anayedanganya hapo, kwa kuwa kila mmoja amewahi kuiona kompyuta ikipona kwa dawa anayoisifia. Tatizo ni kwamba dalili ni ile ile moja, uzito, ilhali maradhi ni mengi, na tiba hizi zinatofautiana sana kwa gharama, kwa muda na kwa hatari ya kupoteza kazi zako. Nitazilinganisha mbilimbili, kwa sababu hivyo ndivyo uamuzi wenyewe unavyomjia mtu: husimama kwenye njia panda akaulizwa kama ni hii au ile.

Pima kabla ya kulinganisha

Haina maana kulinganisha tiba kabla ya kujua ni kiungo gani kinachoizuia kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na kidirisha cha Task Manager kitafunguka. Kwenye Mac, programu ya kazi hiyo huitwa Activity Monitor. Usipime kompyuta ikiwa imetulia. Iwashe upya, fungua kidirisha hicho mapema, kisha anza kufanya lile jambo linalokukera, iwe ni kufungua kivinjari au hati ndefu, huku ukitazama safu tatu: ya prosesa (kiungo kinachotekeleza amri na hesabu zote), ya RAM na ya diski.

Nilipofanya hivyo kwenye kompyuta mpakato moja ya miaka minane, ambayo mwenyewe alikwisha kuihukumu kuwa prosesa yake imezeeka, prosesa ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 7 tu na RAM ilikuwa na nafasi ya kutosha. Safu ya diski, kwa upande wake, ilikuwa imesimama kwenye asilimia 100 na ikabaki hapo kwa dakika kadhaa, huku kasi ya kusoma ikiwa haifiki megabaiti mbili kwa sekunde. Ukitega sikio karibu na kibodi, ungesikia mkwaruzo mdogo usiokoma. Prosesa haikuwa imezeeka. Ilikuwa imekaa bure ikisubiri kuletewa data.

Usomaji wa namba hizo ni huu. Diski ikikwama kwenye asilimia 100 huku prosesa imepumzika na RAM ina nafasi, mkosaji ni diski. RAM ikipita asilimia 85 au 90 na diski nayo ikahangaika, usikimbilie kuilaumu diski, kwa maana mfumo huwa umeishiwa nafasi na unaitumia diski kama ghala la muda la vitu vilivyokosa pa kukaa. Prosesa ikishikilia asilimia 100, panga programu kwa matumizi yake na utaiona ile inayoitafuna. Iwapo safu zote tatu zimetulia na bado kurasa za intaneti zinakuja kwa taratibu, basi huenda kompyuta haina kosa lolote na unapaswa kuangalia muunganisho wako.

Kuna namba moja zaidi ambayo watu wengi huiruka. Katika ukurasa wa utendaji wa Task Manager, chini ya mchoro wa prosesa, huandikwa kasi ya sasa na kasi ya msingi. Prosesa yenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.4 inayoonekana kung'ang'ania 0.8 ilhali kazi imeizidi, imefungwa breki. Mfunga breki huwa ni joto, mpangilio wa kubana umeme, au chaja ambayo kompyuta mpakato haikuitambua.

Kufanya usafi au kusakinisha mfumo upya

Njia hizi mbili hazigharimu fedha, na ndiyo maana huchanganywa. Tofauti yake ni kwamba usafi unaondoa unachokijua, ilhali kusakinisha upya kunaondoa kila kitu, pamoja na vile usivyovijua na vile ambavyo ungependa vibaki.

Usafi wenye faida ni mfupi kuliko unavyotangazwa. Kazi kubwa ni kuzizuia programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, ambazo tangu Windows 8 huorodheshwa ndani ya Task Manager pamoja na kiwango cha mzigo wa kila moja: programu za mazungumzo, za muziki, za kusasisha printa ambayo haipo tena nyumbani. Kuzizuia si kuzifuta, zitafunguka utakapozihitaji. Baada ya hapo, ondoa programu ya pili ya kuzuia virusi ikiwa zimewekwa mbili, kwa kuwa kila faili inayofunguliwa hukaguliwa mara mbili na walinzi wasioelewana. Pitia viendelezi vya kivinjari na uache vile tu unavyoweza kueleza kazi yake. Hakikisha diski haijajaa hadi pomoni. Kuacha takribani asilimia 15 wazi kunaupa mfumo nafasi ya kupumua na ya kupokea masasisho.

Programu zinazojinadi kwamba zitasafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi maradufu ziache kabisa. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, na mara nyingi zenyewe ndizo zinazojiwasha asubuhi na kukaa kwenye RAM siku nzima. Kuipanga upya diski nako hakuna haja ya kukuhangaisha: Windows huipanga diski ya kuzunguka (ya kizamani, yenye sahani zinazozungushwa) yenyewe kwa ratiba, na kwa diski ya SSD (inayotumia chipu, isiyo na kitu kinachozunguka) mpangilio wa aina hiyo hauna faida.

Jambo dogo linalowashangaza wengi: kuzima na kuwasha upya si kitu kimoja. Tangu Windows 8, mtu anapochagua kuzima, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwahi kuwaka kesho yake, maana yake ni kwamba kompyuta inayozimwa kila usiku inaweza kuwa imebeba uchovu wa wiki tatu. Ni kuwasha upya tu, kwa kitufe cha Restart, kunakoanza ukurasa safi. Kabla ya kumwita fundi, fanya hilo.

Kusakinisha upya ni shughuli ya nusu siku ukihesabu na kurudisha programu. Windows ina njia yake ya kujirejesha ambayo inakuruhusu kubakiza faili zako binafsi, lakini lazima ieleweke kwamba programu ulizoziweka mwenyewe zitaondoka, pamoja na mipangilio yake, na kwamba ahadi ya kubakiza faili haichukui nafasi ya nakala rudufu iliyo nje ya kompyuta. Mimi huipendekeza njia hii katika hali mbili: kompyuta ikiwa imeingiwa na programu hasidi ambayo huwezi kuwa na hakika imeondoka, au vipimo vikionyesha kwamba viungo vyote ni vizima na bado mfumo unayumba. Kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka siipendekezi kama tiba pekee, kwa sababu baada ya miezi michache ya furaha, masasisho na programu zitarudi kwenye diski ile ile na mkwaruzo utaanza tena.

Kuongeza RAM au kuweka SSD

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo.

Diski ya kuzunguka iliyozoeleka kwenye kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi, na kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu mzunguko baada ya mkono wake kwisha kusogea, jambo ambalo nalo linakula milisekunde nyingine kumi na kitu. Jumla yake ni kwamba diski hiyo haiwezi kuhudumia maombi mia moja yaliyotawanyika kwa sekunde moja, na mfumo wa kisasa unapowaka hutoa maombi madogomadogo kwa maelfu. SSD haina mkono wala mzunguko. Hujibu maombi ya aina hiyo kwa makumi ya maelfu kwa sekunde. Tofauti inayohisiwa na mtumiaji iko hapo, zaidi ya ile kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha.

Kasi hiyo ya kwenye kasha ina nafasi yake, ila isikutawale. SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) hufikia takribani megabaiti 550 kwa sekunde na ile ya NVMe (njia mpya zaidi) ya kizazi cha PCIe 3.0 hufikia kama 3,500, lakini mtu anayehama kutoka diski ya kuzunguka na anayetumia kompyuta kwa hati, barua pepe na video hataona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Kinachomhusu ni kipi kinaingia. Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina nafasi ya inchi 2.5, na SSD ya SATA huingia mahali pale pale ilipotoka diski ya awali. Zile zenye nafasi nyembamba ya M.2 zina mtego: SATA na NVMe zote hutengenezwa kwa umbo hilo, na si kila nafasi inakubali zote mbili, hivyo mwongozo wa mashine usomwe kabla ya kulipa.

RAM inafanya kazi tofauti kabisa. Haiharakishi kitu chochote iwapo iliyopo inatosha; inaondoa tu msongamano pale inapojaa. Kutoka gigabaiti 4 kwenda 8 ni mabadiliko yanayoonekana siku ile ile kwa mtu anayefungua vichupo vingi vya kivinjari. Kutoka 8 kwenda 16 humsaidia anayehariri picha au mwenye mazoea ya kuacha kila kitu wazi. Kutoka 16 kwenda 32, kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, ni kununua viti vya wageni wasiokuja.

RAM ndiyo yenye vikwazo vingi kuliko SSD. RAM za vizazi tofauti, yaani DDR3 iliyoingia sokoni mwaka 2007, DDR4 ya 2014 na DDR5 iliyofuata hazibadilishani, na pengo la kwenye ukingo wa kadi limewekwa mahali tofauti makusudi ili mtu asilazimishe. Hata ndani ya DDR3 kuna ile ya volti 1.5 na ile iitwayo DDR3L ya volti 1.35, na kompyuta mpakato inayotaka ya pili inaweza kuikataa ya kwanza. Kompyuta mpakato hutumia kadi fupi, za mezani hutumia ndefu. Nyingi kati ya zile nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza mwishoni mwa 2020, haziongezewi RAM baada ya kununuliwa. Tena, ukiwa na Windows ya biti 32, yote yaliyo juu ya gigabaiti 4 yatabaki pambo.

Kwa mwenye uwezo wa kununua kimoja tu, na kompyuta yake ina gigabaiti 4 za RAM na diski ya kuzunguka, ninamwambia aanze na SSD bila kusita. Sababu ni kwamba hata RAM itakapojaa na mfumo kulazimika kuhamishia mzigo kwenye diski, diski yenyewe sasa itakuwa nyepesi na msongamano hautauma kama zamani. Kinyume chake si kweli, kwa kuwa RAM nyingi haifupishi dakika za kuwaka kwa kompyuta inayosoma kila kitu kutoka kwenye diski nzito. Hali pekee ya tofauti ninayoijua ni mashine ya gigabaiti 2, ambayo inahitaji vyote viwili au isiguswe.

SSD ina shughuli moja ambayo RAM haina, nayo ni kuhamisha mfumo. Unaweza kunakili diski yote kama ilivyo, kwa programu kama Clonezilla na waya wa kuunganishia SSD kwenye USB, ukaibadilisha na ukaendelea na kazi jioni ile ile. Au unaweza kusakinisha mfumo safi kwenye SSD na kurudisha faili kwa mkono. Kunakili ni haraka lakini kunahamisha na uchafu wote. Ninaipenda njia ya pili, kwa sababu inaunganisha tiba mbili kwa usumbufu mmoja, na diski ya zamani hubaki kando kama nakala rudufu yenye kila kitu. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, hakikisha kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba data ya diski), na kama imefungwa, uwe umeandika ule ufunguo wa kurejesha mahali pasipo ndani ya kompyuta hiyo.

Yote haya yanadhani kwamba diski ya zamani bado ni nzima. Ikiwa inagonga kwa mdundo, au programu ya kusoma hali yake, kama CrystalDiskInfo, inaonyesha sehemu zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa na idadi inaongezeka, swali la kasi liweke kando. Nakili faili muhimu kwanza na usiifanyishe ukaguzi mrefu, kwa kuwa kila saa ya kazi inaisogeza karibu na mwisho wake.

Vumbi na joto

Hili ni fupi. Kompyuta inayokwenda vizuri kwa dakika kumi kisha ikazubaa huku feni ikipiga kelele, inajiokoa: prosesa nyingi hupunguza kasi zenyewe joto linapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za selsiasi. Kupuliza vumbi ni kazi ya mtu yeyote mwenye bisibisi na uvumilivu, mradi azime kabisa, achomoe betri ikiwa inachomoka, na aizuie feni isizunguke anapopuliza. Kubadilisha ile pasta ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto kunataka mkono uliozoea, na kwa mashine ya miaka mitano au zaidi mara nyingi kunalipa. Ukifungua ukakuta betri imevimba, funga kazi na mpe fundi; usiitoboe wala usiibane ili kifuniko kifunge.

Mfumo mwepesi au mashine nyingine

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na prosesa zilizomo kwenye orodha yake, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, na kizazi cha 8 kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo kuna kompyuta nyingi ambazo baada ya kuwekewa SSD zinakimbia vizuri kabisa, lakini hazina mlango rasmi wa kuingilia Windows 11.

Kwa mashine kama hizo, Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni mshindani wa kweli wa duka. Matoleo yake kama Linux Mint yenye mandhari ya Xfce, au Lubuntu, huchukua RAM kidogo na huendelea kupata masasisho ya usalama. Sifa inayoipendelea zaidi katika ulinganisho huu ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka kwenye kijiti cha USB bila kugusa diski: iwashe, unganisha intaneti, jaribu sauti, kamera na printa, na ukiona haikufai, chomoa kijiti na Windows yako iko pale pale. Gharama yake iko kwingine. Programu za Microsoft Office na za Adobe zinazosakinishwa kwenye Windows hazipo kwa ajili ya Linux, na anayezitegemea kwa riziki atateseka. Pia isitarajiwe miujiza: ukurasa wa wavuti una uzito ule ule katika mfumo wowote, na gigabaiti 2 za RAM zitajaa kwenye Linux kama zilivyojaa kwenye Windows, pengine vichupo vitatu baadaye.

Kununua nyingine kunashinda pale ambapo RAM imechomelewa ikiwa ndogo na hifadhi ni eMMC (chipu ya hifadhi ya bei nafuu) ya gigabaiti 32 au 64 iliyoshikamana na bodi, kwa maana hapo hakuna pa kuweka mkono. Kunashinda pia pale ambapo betri, bawaba na skrini vyote vinadai matengenezo kwa wakati mmoja. Kipimo ninachokitumia mwenyewe ni kwamba jumla ya vipuri na ufundi ikizidi nusu ya bei ya mashine nzuri iliyotumika, naacha kutengeneza.

Nimesema mashine nzuri iliyotumika kwa makusudi. Kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi huja na gigabaiti 4 za RAM na eMMC, na ukiiweka kando ya mashine ya miaka minane iliyopewa SSD na gigabaiti 8, ya zamani itafungua kivinjari kabla ya mpya haijamaliza kuonyesha aikoni zake. Anayenunua iliyotumika atazame kizazi cha prosesa, aulize kama RAM inaongezeka, aiwashe mara mbili mbele ya muuzaji, na aachie betri ifanye kazi bila chaja kwa robo saa ili aone asilimia inavyoshuka.

Na ile ya zamani, kabla haijatoka nyumbani, itolewe diski. Diski ya inchi 2.5 ikiwekwa ndani ya kasha lake la USB hugeuka kuwa diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Ikiwa ni lazima iondoke na mashine, kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Tumia njia ya Windows ya kujirejesha na uchague kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski, kazi ambayo kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo ianze jioni ikiwa imechomekwa kwenye umeme.